Maji ya nyuzi 16

Ukisema umezaliwa Unguja, watu hudhani umezaliwa na mapezi. Nilipoanza kuwaambia jamaa kwamba nimejiandikisha mashindano ya triathloni katika mji wa Cardiff, huko Wales, jibu lilikuwa moja, kuanzia barazani kwetu Mazizini mpaka kazini: "Ya kuogelea usijali, wewe mtoto wa pwani. Hofia baskeli." Nikacheka nao, lakini nilikuwa nimekwisha kuulizia maji ya kule na nilijua shughuli yangu itaanzia wapi. Baskeli ni ile ile popote uendapo. Maji sivyo.

Tena hilo la mtoto wa pwani lina walakini wake. Wanawake wengi wa rika langu wamekulia hatua chache kutoka ufukweni na hawajawahi kuvuka kina cha kifua. Bahari kwetu ilikuwa ya kuokota chaza, ya kupanda mwani kule Paje na Jambiani, ya kwenda kutia miguu jioni ya sikukuu. Wavulana ndio waliokuwa wakijirusha Forodhani mchana kutwa. Ni miaka ya karibuni tu ndipo wasichana walipoanza kufundishwa, kama kule Nungwi ambako mradi wa Panje uliwatia majini wanafunzi wa kike wakiwa na nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima. Mimi nilijifunza nikiwa mtu mzima mwenye kazi yake, kwa mwalimu mmoja wa Kizimkazi asiye na maneno mengi. Ukifika ulipotumwa alikuwa akisema "tena", basi. Ukirudi: "tena."

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: unaogelea, unapanda baskeli, unakimbia, vyote mfululizo, na saa haisimami hata pale unapovaa viatu. Masafa yanayotumika Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000, ni mita 1500 majini, kilomita 40 za baskeli na kilomita 10 za miguu. Ndiyo masafa niliyoyachagua. Cardiff niliichagua kwa sababu isiyohusiana na michezo hata kidogo: khalati yangu, ndugu yake mama, anaishi huko miaka mingi, mtaa wa Butetown, ambako bandari ya makaa ya mawe iliwavuta mabaharia wa Kiyemeni na Kisomali tangu karne ya 19, na mpaka leo ukipita utaona msikiti na kunusa bizari. Kulala bure, kula wali, na mtu wa kukupokea ukitoka majini. Nani atakataa?

Maji yenyewe ni Ghuba ya Cardiff, lakini usidanganyike na jina ukadhani ni bahari. Zamani ilikuwa bahari kweli, tena ya ajabu. Katika mlango wa mto Severn maji hupanda na kushuka kwa mita 14 hivi, tofauti iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Sisi hapa bamvua likiwa kubwa ni kama mita nne, na tayari ngalawa zinalala ubavu kwenye mchanga. Basi wakajenga ukuta mkubwa uliokamilika mwaka 1999, wakaifunga bahari nje, na ndani likabaki ziwa la hekta 200 linalolishwa na mito miwili, Taff na Ely. Maji hayana chumvi. Hilo kwa mtu wa kwetu si dogo: chumvi ndiyo inayotubeba bila sisi kuihisi. Ukiingia kwenye maji yasiyo nayo, kiuno kinashuka, miguu inavuta chini, na kila mkono unaopiga unazaa kidogo kuliko ulivyozoea.

Halafu baridi. Bahari yetu hata kipupwe kikikaza, Julai na Agosti, haifiki karibu na nyuzi 22. Nataja 22 kwa makusudi. Kanuni za World Triathlon, shirikisho la mchezo huu duniani, zinasema hivi kwa sisi washiriki wa kawaida katika masafa hayo: maji yakiwa nyuzi 22 au zaidi, suti ya mpira ya kuzuia baridi ni marufuku, yakiwa 15.9 au chini, ni lazima. Hapo katikati mtu achague mwenyewe. Maana yake, mashindano yakifanyika Unguja suti haitoruhusiwa hata siku moja, na mimi ninayekaa Unguja sina pa kuizoea. Niliijaribu Chukwani asubuhi mapema, nikaona naiva. Suti za wapiga mbizi wa Nungwi nazo si za kazi hii, mabega yake hayaachii mkono kuzunguka.

Nikabaki na swali moja: mtu anajifunzaje baridi mahali pasipo na baridi?

Jibu lilikuwa kwenye soko la samaki la Malindi. Kaka yangu ana pikipiki. Alikuwa akinunua barafu ya samaki, mabonge mazima, anayatia kwenye gunia na kuyafunga nyuma, na mpaka akifika Mazizini robo imekwisha kuwa maji mgongoni mwake. Uani tuliweka pipa la buluu la plastiki, lile la kuhifadhia maji ya bomba, tukalijaza nusu, tukaimwaga barafu, tukatia kipimajoto. Barafu ile ina harufu ya changu na vibua, na harufu hiyo haitoki kwenye nywele kwa limau wala kwa sabuni ya mkaratusi. Mama alitoka jikoni mara ya kwanza, akanitazama nimezama mpaka shingoni na meno yanagongana, akasema, "Haya si mazoezi, huyu mtoto kachezewa," akarudi jikoni.

Naomba nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo palipo na faida. Ukiingia ghafla kwenye maji ya baridi, ngozi inapeleka habari kwenye ubongo kwa pamoja, mwili mzima, na kifua kinavuta pumzi kubwa bila kukuuliza. Kisha unapumua kwa kasi, juu juu, moyo unakwenda mbio. Wataalamu wanauita mshtuko wa baridi. Unafika kilele ndani ya nusu dakika ya mwanzo, na baada ya dakika moja mpaka tatu unakuwa umeshuka. Ile pumzi ya kwanza ndiyo inayoua watu, si kuganda: ikikukuta uso uko ndani ya maji, unavuta maji. Mike Tipton wa Chuo Kikuu cha Portsmouth ameuchunguza mshtuko huo kwa miaka mingi, na alichoonyesha ndicho kilichonipeleka Malindi: mwili unazoea. Kuzamishwa mara tano au sita tu, kwa dakika chache kila mara, kunaupunguza mshtuko kwa karibu nusu, na mazoea hayo hayapotei baada ya wiki moja, yanakaa miezi. Huhitaji kukaa Ulaya msimu mzima. Unahitaji pipa, barafu, na mtu wa kukutazama.

Huyo wa kukutazama ndiye muhimu kuliko barafu. Kaka alikaa kwenye kibao, simu mkononi inahesabu muda, na kazi yake ilikuwa kuniuliza maswali. Si maswali ya maana. Nitajie watoto wa shangazi kwa mpangilio. Nani aliozwa mwanzo? Jirani alitoa mahari gani? Alikuwa anasikiliza ulimi, kwa sababu baridi ikikuingia sana maneno yanaanza kukokota, na wewe mwenyewe hujijui. Mara moja nilimtaja binamu yetu kwa jina la paka wake, akanivuta kwa kwapa bila kunisikiliza ninajitetea kwamba ni utani. Na ulikuwa utani kweli, lakini alifanya sawa.

Nilichogundua humo pipani ni kwamba ukipambana na pumzi inayoingia, unashindwa. Unachokiweza ni ile inayotoka. Nikawa naitoa kwa kuimba kwa puani, midomo imefungwa, kasida tuliyokuwa tukiighani madrasa. Ubeti mmoja mrefu, mpaka kifua kiwe tupu. Ikitoka yote, inayofuata inaingia kwa adabu. Siku za mwanzo nilikuwa namaliza ubeti vipande vipande. Baadaye ukawa unatoka mzima, na kaka akawa anaitikia. Vidole ndivyo havikuzoea kamwe. Viliuma siku ya kwanza na viliuma siku ya mwisho, na hilo nalo lilikuwa somo: mshtuko unafundishika, mikono haifundishiki, ipangie namna nyingine.

Mawimbi nilikuwa nayo nyumbani. Upande wa Mjini kusi ikivuma maji yanakuwa yamejificha, shwari kama ya birika, kwa hiyo kwa mazoezi hayo nilikuwa nakwenda Kizimkazi ambako upepo unakupiga usoni. Huko mwalimu wangu alinilazimisha kuvuta pumzi upande wa kulia na wa kushoto sawasawa, ili wimbi likitoka upande huu niwe na upande ule. Na kuinua macho kidogo, si kichwa, kila baada ya mikono kadhaa, kutafuta alama. Alama yetu ilikuwa mlingoti wa dau moja lililotia nanga. Siku moja lile dau likang'oa nanga na kuondoka, na mimi nikawa nalifuata. Mwalimu hakusema kitu mpaka niliporudi. Akasema "tena".

Baskeli nilipanda barabara ya Tunguu kwenda Makunduchi, alfajiri, kabla ya magari ya watalii. Pale Jozani kuna matuta ya kupunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, na kima wenyewe hawana habari na matuta, wanakatiza wanapotaka, mama na mtoto kifuani. Barabara hiyo ilinipa miguu. Lakini barabara kavu ya jua haikufundishi kona ya barabara ya mvua, na Juni, mwezi wa mashindano, sisi bahati yetu ni ukame baada ya masika.

Sasa hali ya hewa. Hapa ndipo nilipoona tofauti yetu na wao. Sisi upepo una zamu. Wazee wa bahari wanahesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Kiswahili, kwa miongo, siku kumi kumi, na atakwambia mwongo huu kusi inakaza, mwongo ule inaanza kulegea, kaskazi itafika baada ya hapo. Anaweza kukosea kwa siku mbili tatu, lakini hakosei msimu. Visiwa vile vya Uingereza vimekaa kwenye njia ya vimbunga vidogo vidogo vinavyotoka Atlantiki kimoja baada ya kingine, na mkondo wa upepo wa juu ukisogea kidogo tu, jua uliloahidiwa linakwenda kwa Wafaransa. Nilifika kwa khalati siku chache kabla, na kila nikifungua simu utabiri wa Jumapili umegeuka. Jua. Mvua. Upepo na jua. Mvua ya radi. Nikamwambia, "Khalati, mbona hawa hawajui wanachokisema?" Akanijibu huku anakatakata vitunguu: "Hapa, mwanangu, usitazame simu, tazama dirishani. Na dirisha nalo usiliamini."

Niliyafanyia kazi maneno yake. Mkoba wangu wa mashindano ulikuwa na vitu vya misimu yote: miwani ya kuogelea ya kioo cheusi na nyingine ya kioo cheupe, kofia mbili za kuvaa moja juu ya nyingine, koti jepesi la kuzuia upepo, glavu, soksi ndefu, na fulana kavu ndani ya mfuko uliofungwa vizuri. Jioni ya kuamkia siku yenyewe tairi nilizipunguza upepo kidogo, ili zilale zaidi kwenye barabara ikiwa mbichi. Wenzangu wengine walikuwa wanabahatisha: utabiri wa jioni hiyo ulisema jua, nao wakajipanga kwa jua. Mimi naona mtu unapokuwa ugenini na huijui tabia ya mbingu ya watu, kubeba vitu vya ziada si woga, ni heshima.

Juni kule alfajiri inaingia usiku bado mbichi na jua linatoka kabla ya saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo nilisali, nikanywa uji, na bado nikawa na muda wa kutembea mpaka kwenye maji. Asubuhi kavu, upepo wa kukata masikio, nyuzi 13. Tangazo likatoka kwenye kipaza sauti: maji nyuzi 16. Yaani sehemu moja tu ya kumi juu ya pale pa lazima. Sikuona hata mmoja aliyechagua kuingia bila suti.

Na hapo nikaona kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Kwenye mashindano ya maji ya moto, mwanamke wa aina yangu anajifikiria mara mbili: nivae nini, nitazamwe vipi. Hapa watu wote, wanaume kwa wanawake, walikuwa wamefunikwa kuanzia shingoni mpaka kifundo cha mguu, kichwani kofia, wengine na kofia nene ya mpira inayofunika masikio na kidevu kama yangu. Hakuna aliyenitazama. Sote tulijistiri, kwa amri ya baridi.

Kuvaa suti ile ni kazi nyingine. Ukiivuta kwa kucha inachanika. Mwanamke mmoja aliyekuwa karibu nami alitoa mfuko wa plastiki, akauvaa mguuni kama soksi, suti ikateleza juu yake bila taabu, akauvua akanipa mimi. Nikacheka peke yangu. Mifuko hiyo kwetu Zanzibar imepigwa marufuku tangu mwaka 2006, na hawa wa Wales ndio waliotangulia Uingereza nzima kuitoza watu senti dukani, mwaka 2011. Nimesafiri mpaka huko nikakutana nayo katika kazi ya halali.

Tulipokuwa kwenye foleni mvua ikaanza. Si mvua ya masika ya kukupiga mgongoni ukajua umenyeshewa. Ni ile nyembamba, ya kuingia shingoni.

Kabla ya kuanza tulipewa nafasi ya kuingia majini. Nilikaa ukingoni, nikajimwagia usoni na ndani ya kola ya suti, makusudi, maji yale ya kwanza yafanye fujo yake nikiwa bado nimekaa. Kisha nikashuka. Kikosi cha uokozi wa baharini cha kule, RNLI, kinawafundisha watu kwamba ukitumbukia kwenye baridi usianze kuogelea: lala chali, tandaza mikono, subiri pumzi irudi. Nikalala chali katikati ya watu wazima wanaotapatapa, natazama mawingu, naghani kasida kwa puani. Ubeti wa kwanza ulikatika mara mbili. Wa pili ukatoka mzima. Harufu ya changu tu ndiyo haikuwepo.

Filimbi ilipolia nilijiweka pembeni na nyuma, nikawaacha wenye haraka wapigane mateke. Nilipotia uso, giza. Kwetu unaona kivuli chako mwenyewe kwenye mchanga. Kule sikuona kiganja changu. Ni maji ya kahawia ya mito, na hilo linatisha zaidi ya baridi kwa aliyezoea kuona chini. Nikashika jambo moja tu: boya la njano, kisha la pili. Upepo ulikuwa unatoka kushoto na kuvunja viwimbi vifupi vya kukutia maji mdomoni, nikahamia kuvuta pumzi kulia. Mwanamume aliyekuwa ubavuni mwangu alikuwa anavuta kushoto tu, na kila baada ya muda namsikia anakohoa. Nilimwombea. Suti nayo ilifanya kazi ambayo chumvi hufanya nyumbani, ikanyanyua kiuno, na ilipofika nusu ya njia nikajikuta nafurahi.

Kutoka ndiko kulikonipa taabu. Ukisimama ghafla baada ya kulala majini muda wote ule, dunia inazunguka. Kulikuwa na watu wa kujitolea wakitushika mkono kwenye ngazi, Mungu awalipe, lakini ukishafika kwenye baskeli hakuna tena wa kukusaidia, kanuni hairuhusu. Na kanuni nyingine inasema helmeti iwe imefungwa kabla hujaitoa baskeli kwenye chuma chake. Kifungo cha helmeti ni kidude kidogo cha plastiki chenye meno mawili, unakibana, kinalia ta. Nilikishika nikaona vidole vyangu vinakwenda mahali, lakini havinipi habari. Nikasukuma upande, kikateleza. Nikasukuma tena. Jirani yangu alikuwa amekaa chini na soksi moja ameishikilia kwa meno, anaitazama kama hajui ni ya nini. Nikaiacha helmeti kichwani bila kufunga, nikatia mikono kwapani, juu ya ngozi, nikahesabu pole pole. Watu walinipita. Kisha nikashika kwa upande wa kidole gumba na kiganja, si kwa ncha za vidole. Ta.

Koti nalo nililivaa. Wapo wanaosema koti linapoteza muda, na nimeshabishana nao. Mwili ukitoka kwenye maji ya baridi hauanzi kupata joto papo hapo. Damu iliyokuwa imejikusanya kifuani inarudi mikononi na miguuni, inakutana na nyama iliyopoa, na joto la ndani linaendelea kushuka kwa muda. Ndiyo maana kutetemeka kwangu hakukuja kwenye ngazi, kulikuja kilomita kadhaa mbele, nikiwa juu ya baskeli, mpaka usukani unayumba. Aliyenipita bila koti, mikono wazi, nilimkuta baadaye amesimama pembeni kafunikwa blanketi la karatasi ya fedha.

Barabara ya mvua ina mahali pake pa hatari: mistari myeupe, vifuniko vya chuma vya mashimo, na kona iliyo chini ya mti. Hapo hukati kona wala hushiki breki. Unapunguza kabla, unapita umenyooka. Si lazima uwe mgeni kutoka Unguja ili uteleze. Paris mwaka 2024 washiriki kadhaa walianguka kwenye mbio za wanawake za Olimpiki kwa sababu ya barabara iliyolowa alfajiri, na mbio za wanaume zilikuwa zimeahirishwa kwa siku moja kwa sababu mvua ilikuwa imeuchafua mto Seine. Mashindano ya mjini ndivyo yalivyo. Mvua ikinyesha inayaharibu maji na barabara kwa pamoja.

Kula pia kuna namna yake. Baridi inakuondolea kiu, na mwili bado unapoteza maji, kwa hiyo nilikunywa kwa saa, si kwa hamu. Tende zilinifaa, zinatafunika. Halua niliyoitoa Unguja, nimeikata vipande vidogo kwa ajili ya safari hii hii, samli yake iliganda, ikawa ya kutafuna tangu mzunguko wa kwanza mpaka wa tatu.

Nilipoanza kukimbia nilikuwa sizihisi nyayo. Ni hali ya ajabu, unasikia kishindo cha miguu na hujui ni ya nani. Basi mawingu yakafunguka. Bila kuaga, mvua ile ikaondoka, jua likatoka kali, lami ikaanza kutoa mvuke, na wenzangu wakaanza kuvua, kulalamika, kujimwagia maji vichwani. Nikalifunga koti kiunoni na mwili wangu ukaamka kama uliotajwa jina. Joto nalijua. Sikuongeza mwendo hata kidogo, wao ndio waliopunguza, na nikaanza kuwapita mmoja mmoja, akiwemo yule aliyenipa mfuko wa plastiki, tukapigana viganja. Kwenye daraja la mwisho nikaisikia sauti ninayoijua, Kiswahili cha Mjini kinapaa juu ya kelele zote: "Kimbia mwanangu, pilau inapoa!" Khalati, na kanga mbili juu ya koti la baridi, chupa ya chai ya tangawizi mkononi kama tochi.

Chai hiyo nilikunywa nikiwa nimekwisha kuvua vya mbichi na kuvaa fulana kavu, soksi kavu, kofia ya sufu. Alinifokea khalati nilipotaka kukaa kwanza nipumzike. Ana haki. Nguo mbichi na upepo, hata jua likiwaka, zinakurudisha ulikotoka, na maji ya moto ya bafuni yasubiri mpaka kutetemeka kumekwisha.

Tangu nirudi, wamekuja wasichana wawili wa skuli ya jirani wanaoogelea vizuri kunishinda mimi, wanataka pipa. Nimekubali, kwa masharti. Wazazi waje kwanza. Mwenye presha, pumu au ugonjwa wa moyo, hata akisema ni kidogo, aende kwa daktari kabla hajaja kwangu. Hakuna kuruka ndani, ni kushuka taratibu, miguu, kiuno, mabega, na uso ni wa mwisho. Dakika mbili mara ya kwanza, na hakuna kuongeza kwa sababu mwenzio kaongeza. Hakuna kuingia peke yako, wala kwa dakika moja, wala kama unajua sana. Barafu wachangie wao. Kaka amesema kuibeba ataibeba, lakini na yeye ana sharti lake: safari hii iwekwe juu ya karatasi la plastiki, amechoka kwenda kazini ananuka vibua.